Nilivyomshtaki Mbwa kwa Barua ya Kurasa Tatu

Mbwa wa jirani alinichukia kabla hajaniona. Watu wengi huhitaji angalau wiki mbili za kunijua ndipo wafikie uamuzi huo, kwa hiyo sina budi kumsifu kwa bidii yake.

Nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya tatu katika jengo moja hapa Kaaga, mjini Meru, mahali ambapo kengele za shule hulia kutoka pande zote na hakuna hata moja inayokubaliana na nyingine kuhusu saa. Chumba chenyewe kilikuwa na jiko la kumtosha mtu mmoja mwembamba asiyependa kupika. Ukuta kati yangu na jirani ulijengwa na fundi aliyeamini kwamba binadamu hawapaswi kufichana chochote. Nilijua jirani anakoroga chai mara ngapi. Nilijua akifungua redio ni kusikiliza matangazo ya vifo. Sura yake ndiyo sikuijua, ingawa nilikuwa nimekaa pale karibu miezi miwili.

Hilo la sura lilikuwa mpango wangu mwenyewe. Kila nilipotaka kutoka nilisimama kwanza nyuma ya mlango, nikasikiliza ngazi. Nikisikia nyayo, nilingoja zipite. Sikuwa na ugomvi na mtu. Niliogopa tu kwamba nikisalimia nitaulizwa swali la pili, na swali la pili nilikuwa sijalitayarishia jibu. Shahada yangu, niseme mapema, ni ya mawasiliano.

Shahada hiyo ndiyo iliyonipatia kazi, baada ya mwaka na nusu wa kukaa nyumbani Ishiara nikiulizwa na kila mtu sokoni kama bado nasoma. Kampuni moja ya kuuza taa za sola ilinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Nikae kwangu, nivae visikizio, nijibu simu za wateja kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Msimamizi wangu, mwanamke ambaye hadi leo sijamwona, angesikiliza rekodi na kuamua kama nastahili mkataba. Sharti kubwa lilikuwa moja: mazingira tulivu.

Siku ya kwanza nilisema, "Karibu, nikusaidie vipi?"

Ukuta ukabweka.

Mbwa huyo alikuwa amehamia kwa jirani wiki ile ile. Hakubweka usiku, wala mtu akipanda ngazi, wala lori la maji likinguruma langoni. Alibweka nikiongea mimi. Nikinyamaza, ananyamaza. Nikisema "halo," anaanza tena, kwa sauti ya kiumbe aliyehakikisha kwamba alichokuwa anashuku ni kweli. Mteja mmoja aliniambia, "Kijana, fungia mbwa kwanza, halafu tuongee mambo ya taa." Mwingine akaniuliza kama kampuni imehamia kwenye kichinjio.

Mtu mwenye akili timamu angegonga mlango wa jirani. Mimi nilinunua daftari. Kwa wiki nzima niliandika saa, muda na aina ya kubweka. Nilifanya majaribio. Niliongea Kiingereza, akabweka. Kiswahili, akabweka. Kimbeere cha kwetu, akabweka kwa huzuni, au labda aliyehuzunika ni mimi. Nilijaribu kujibu wateja nikiwa nimejifunika blanketi kichwani. Siku hiyo msimamizi aliandika kwamba sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyetekwa nyara.

Onyo la kwanza lilikuja mwezi wa kwanza. La pili likaja katikati ya mwezi wa pili, na chini yake mstari mmoja: likifika la tatu, majaribio yataishia hapo. Nilijiona nikirudi Ishiara na visikizio shingoni. Nilimwona hata mama mmoja muuza nyanya akiniuliza, "Kwani mlifunga shule?"

Ndipo nikaandika barua.

Naomba nieleweke: niliiandika vizuri. Ilianza kwa KUH: KELELE ZA MNYAMA ASIYERUHUSIWA. Ukurasa wa kwanza ulikuwa historia ya tatizo, wa pili jedwali kutoka kwenye daftari, na wa tatu maombi, ambapo niliomba ghorofa ya tatu irejeshewe "ukimya kamili na wa kudumu." Niliweka sahihi ya Mpangaji Mwema, kwa sababu sikutaka kujulikana. Kisha, ili mtu asije akashindwa kuelewa, nikaambatisha mchoro wa ghorofa nzima. Mlango wa jirani niliuandika "mbwa." Wangu nikauandika "mlalamikaji."

Niliisukuma chini ya mlango wa caretaker, mtunza jengo letu, na kupanda ngazi kwa vidole vya miguu.

Kabla chai yangu haijachemka, kurasa zote tatu na mchoro zilikuwa kwenye grupu la simu la wapangaji wa ploti. Caretaker aliandika chini yake: "Huyu Mpangaji Mwema amesema ukweli. Mbwa hairuhusiwi hii ploti. Itoke kabla Jumapili."

"Pole mlalamikaji," akaandika mtu wa ghorofa ya kwanza.

"Mlalamikaji tafadhali tuandikie na ya maji," akaandika mwingine. "Weka na mchoro wa bomba."

Kutoka mlango wa pili hakukuandikwa chochote. Ila ukutani nilisikia kikombe kikiwekwa mezani taratibu sana. Nilikifikiria kikombe hicho kwa saa mbili.

Kesho yake nilipita langoni. Pale kuna bucha ya mzee mmoja Mwislamu, mzaliwa wa hapa Meru mjini, mwenye kofia nyeupe isiyowahi kupata doa la damu, sijui kwa njia gani. Nilikuwa nimepanga kupita nikiangalia simu.

"Mlalamikaji!" aliita. "Njoo hapa."

Nikaenda.

"Ni kweli umemshtaki mbwa kwa barua?"

"Ni mambo ya kazi, mzee. Nilikuwa na—"

"Mbwa anajua kusoma?"

"Hapana, lakini—"

"Na mwenye mbwa unamjua?"

Nikasema najua redio yake. Aliweka kisu chini, akanitazama kama mtu anayetazama nyama iliyoanza kubadilika rangi. Akanieleza. Anayeishi pale ni mwalimu wa mojawapo ya shule za hapa Kaaga. Mbwa ni wa baba yake, mkulima wa waru, yaani viazi, kutoka Kibirichia, ambaye ana kidonda mguuni kisichofunga kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Kidonda kinatakiwa kusafishwa hospitalini kila baada ya siku moja. Mzee alikataa kabisa kuja mjini. Mwisho akakubali kwa sharti moja, aje na mbwa wake.

"Sasa mbwa akitoka Jumapili, mzee anatoka naye," alisema. "Ameshaambia binti yake apange nguo. Na huko juu kwa baridi nani atamsafishia mguu? Wewe? Utautumia barua?"

Nilihesabu: hayo yalikuwa maswali matatu.

"Mimi mbwa simgusi, dini yangu unaijua," aliendelea, akichukua tena kisu. "Lakini kila Ijumaa naweka mifupa kwa mfuko, mwalimu anapitia. Wewe ambaye unaruhusiwa kumgusa, umemchora. Panda juu uongee na huyo mzee. Na usiende mikono mitupu, hapa si kwenu."

Hapo akanifungulia mlango wa fikra, kitu ambacho hakuna mtu anayenijua angekifanya. Nibebe nini? Sukari ndiyo iliyomtoboa mguu. Mkate una sukari. Maziwa, labda wana ng'ombe huko Kibirichia, ataona nimemdharau. Nyama, mwenye bucha ataipima na kujua naithamini amani kwa nusu kilo. Nilizunguka mjini Jumamosi asubuhi yote nikimkataa kila mwenye duka ndani ya kichwa changu. Ndipo nikaona kibanda cha miraa, na wazee watatu mbele yake wakicheka kwa raha. Nikajiambia, hii ndiyo heshima ya hapa.

Nilimwambia mama muuzaji nataka ya kupelekea mzee.

"Ya kawaida ama hii ya kufungwa?"

Ya kawaida ilikuwa vijiti vimeshikwa pamoja kwa kamba. Ile nyingine ilikuwa furushi zito, limezungushiwa majani ya mgomba na kukazwa kwa ustadi, limesimama kama kitu kinachosubiri kuapishwa. Nilifikiri: ya kawaida ni ya watu wa kawaida, mimi ni mkosaji. Nikachukua ya kufungwa.

Mama alinitazama kuanzia viatu. "Wazazi wako wanajua?"

Niliona ni swali la ajabu kuhusu mbwa. Ila sipendi kuuliza maana ya maswali, kwa hiyo nilisema wanajua.

"Basi Mungu akutangulie," alisema, na akanipa kwa mikono miwili.

Saa tisa alasiri niligonga mlango wa pili kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mbwa alibweka. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alifungua, kalamu nyekundu sikioni, na nyuma yake meza iliyojaa karatasi za mtihani. Alitazama uso wangu. Akatazama furushi. Akatazama uso wangu tena, muda mrefu zaidi. Kisha akageuka na kumwambia mtu ndani maneno mengi ya Kimeru kwa sauti ya mtu anayezuia kitu kisitoke mdomoni.

"Ingia," akaniambia.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu uliofungwa bendeji umewekwa juu ya kigoda. Miguuni pake alikuwapo mbwa. Nilikuwa nimemfikiria mbwa mkubwa kama ndama. Huyu alikuwa mdogo, wa kahawia, sikio moja limelala, na jina alilopewa ni la mwanasiasa ambaye bado yuko hai, kwa hiyo silitaji. Alikuja, akanusa viatu vyangu kwa makini, kimoja baada ya kingine, akarudi kulala. Hakubweka.

"Muga," mzee alinisalimu.

"Muga, baba."

"Keti. Hiyo weka hapo chini kwanza. Sijaishika."

Nikaiweka. Niliona ni utaratibu.

"Kwenu ni wapi?"

"Ishiara."

"Ishiara. Kuna joto huko. Mnalima nini?"

"Ndengu, na mtama."

"Waru hazimei?"

"Hazimei, baba."

Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Wazazi wako hai?"

"Wako hai wote."

"Na mbona umekuja peke yako?"

Nilifikiri, kumbe Meru kesi za mbwa huletwa na wazazi. Nikasema, "Sikutaka kuwasumbua, baba. Niliona ni jambo dogo tu, tunaweza kulimaliza sisi wenyewe."

"Jambo dogo!" alisema mwalimu kutoka mezani.

Mzee alinyoosha kidole kumwelekea. "Huyu ni jambo dogo? Huyu nimesomesha mpaka chuo ni jambo dogo?"

"Hapana! Hapana, baba. Mimi nimekuja kwa sababu ya mbwa."

Hata mbwa aliinua kichwa.

"Umeniletea hii," mzee alisema polepole, "unataka mbwa?"

Hapo mwalimu alishindwa. Aliweka kichwa juu ya karatasi za watoto akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Alipopata pumzi alisema, "Baba, huyu ndiye mlalamikaji. Yule wa mchoro." Kisha akanigeukia. "Ndugu, unajua umebeba nini? Hiyo inaitwa ncoolo. Ikifungwa hivyo na ipelekwe kwa baba ya msichana, ni msichana anaombwa. Baba akiishika, mwanaume mwingine akija anaambiwa amechelewa. Nilifungua mlango nikaona mtu nisiyemjua na ncoolo, nikasema basi, Mungu ana utani."

Mimi kwetu mambo hayo huanza na mbuzi. Mbuzi ningemtambua. Nilianza kueleza kuhusu sukari, mkate, maziwa na wazee watatu wa kibandani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba nilifikiria sana jinsi ya kumposa mtu nisiyemjua. Niliomba msamaha kwa ajili ya ndoa, kisha kwa ajili ya barua, kisha, kwa kuchanganyikiwa, kwa ajili ya joto la Ishiara.

Mzee aliinua mkono nikanyamaza. Alimwambia binti yake akate kamba kwa kisu, yeye mwenyewe, mbele yetu. Majani ya mgomba yakafunguka sakafuni.

"Sasa ni miraa tu," alisema. "Na daktari amenikataza. Pika chai." Kisha akaniambia, "Unajua kwa nini anakubwekea?"

"Nimefanya utafiti, lakini sijapata."

"Huyu amelinda shamba tangu azaliwe. Huko kwetu mtu akiongea, unamwona. Hapa anasikia mtu anaongea ndani ya ukuta kutoka asubuhi mpaka jioni, na hatoki. Siku moja, siku mbili, mwezi. Mtu hatoki. Wewe ungekuwa mbwa ungefanya nini?"

"Ningeandika barua," nilisema.

Mzee alicheka mpaka akashika mguu wake. Ndiyo mara ya kwanza tangu nihamie Meru nilipomchekesha mtu nikiwa nimekusudia.

Lakini nguo zilikuwa zimepangwa. Niliuona mfuko kando ya mlango, na Jumapili ilikuwa kesho. Nilitoa simu nimwandikie caretaker, nikaanza, "Kwa kurejelea barua yangu." Mwalimu alichungulia begani.

"Futa. Andika mbwa abaki."

"Bila utangulizi?"

"Mbwa abaki. Maneno mawili."

Nikatuma kwenye grupu: "Mimi ndiye mlalamikaji. Mbwa abaki." Caretaker akajibu kwamba haiwezekani. Mwenye ploti ameshaisoma barua, ameipenda sana, anasema hajawahi kupata mpangaji anayeandika vizuri hivyo. Kilichoandikwa kwa barua kiondolewe kwa barua, na anayelala karibu na mbwa aweke sahihi kwamba hatalalamika tena hata siku moja.

Mwalimu na baba yake walinitazama. Nilifikiri juu ya onyo la tatu. Nikiweka sahihi halafu mbwa abweke Jumatatu, kazi imekwisha na mdomo nimejifunga mwenyewe. Mzee hakunisihi. Alikuwa ameinama akimkuna mbwa lile sikio lililolala, kama mtu anayezoea jambo mapema.

Niliandika barua ya pili pale pale, kwenye karatasi ya mtihani isiyotumika. Ilifika nusu ukurasa, hasa kwa sababu mwalimu alikata mengine kwa kalamu nyekundu. Niliweka sahihi kwa jina langu halisi. Aliniruhusu mchoro mdogo. Mlango wangu sasa uliandikwa "jirani."

Jumapili mfuko ulirudishwa chumbani.

Jumatatu saa mbili nilisema, "Karibu, nikusaidie vipi?" Ukuta haukubweka. Ukuta ulilia. Mbwa alikuwa amenitambua, na sasa alikuwa anakwaruza upande wa pili kwa huzuni ya kushindwa kutufikia mimi na viatu vyangu. Mteja aliuliza kama kuna mtoto mgonjwa. Nilimwomba asubiri, nikatoka mbio bila kusikiliza ngazi, nikagonga, nikarudi na mbwa. Alilala juu ya miguu yangu hadi saa kumi na moja, na ndivyo tulivyofanya kazi mwezi uliobaki, mzee akienda hospitalini na kurudi bila kuwaza nani amebaki na mbwa.

Onyo la tatu lilikaribia kuja, na si kwa sababu ya mnyama. Siku chache kabla ya majaribio kwisha, katikati ya maelezo yangu marefu kuhusu betri, sauti ya mzee ilipita ukutani waziwazi: "Mkwe! Chai!" Msimamizi aliniandikia akitaka maelezo ya sauti hiyo ya nyuma. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili wa maelezo hayo mbwa alipopiga miayo. Nikafuta yote. Nikaandika: "Ni jirani, ananiita chai. Nitamwambia aite saa nne, wakati wa mapumziko." Alijibu: "Sawa." Siku ya mwisho akatuma mkataba. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba mazingira yangu yameboreka, ila niache kueleza sana.

Mguu nao ulifunga. Ilichukua miezi minne, na siku daktari alipomwachilia, mzee hakungoja hata chai. Alirudi Kibirichia na mbwa wake, na ghorofa ya tatu ikapata ukimya kamili na wa kudumu, kama nilivyoomba kwenye ukurasa wa tatu. Wateja wananisikia vizuri mno. Wiki iliyopita nilijikuta nimemaliza simu na kunyamaza, nikingoja ukuta useme kitu. Ukagongwa mara mbili.

"Mlalamikaji!" mwalimu aliita. "Jumamosi naenda kwa baba. Anauliza kama unakuja, ama utume barua."

Asubuhi ya Jumamosi niliteremka mapema kupitia bucha. Mzee mwenye kofia nyeupe alinichagulia mifupa mizuri, yenye nyama ya heshima kuizunguka, akavuta gazeti.

"Nikufungie vizuri na kamba? Unaenda kwa mzee."

"Usifunge!" nilisema, na nadhani nilipiga kelele. "Tafadhali. Weka tu kwa mfuko."